Tumeshamtenga Kapito

Nianze na jina, maana hapa Mpanda hakuna aliyewahi kulitamka likafika mwisho. Naitwa Capitoline. Kwetu Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, ni jina la kawaida kabisa, ukiliita sokoni wanageuka wanawake hata watatu. Hapa mjini Lucia alijaribu siku moja, ulimi ukamteleza, akasema, "Mwenzangu, hilo ni jina au kituo cha treni? Wewe ni Kapito." Basi nikawa Kapito. Watu walizijua hasira zangu kuliko jina langu, kwa hiyo sikulalamika sana.

Nilikuwa na cherehani yangu barazani karibu na stesheni. Pembeni yangu alikaa Telesphor, fundi baiskeli, Mkonongo mrefu anayeongea tangu anapofungua boksi la vifaa hadi anapolifunga. Mbele yetu Lucia, Mfipa, alikuwa na kibanda cha chakula, na abiria wakishuka kwenye treni ya Tabora walifuata harufu ya kwake moja kwa moja. Na kila asubuhi alipita Nyanzala na ndoo ya maziwa kichwani, mama wa Kisukuma aliyehamia huku na mume wake Malale na ng'ombe wao. Kiswahili cha Nyanzala kilikuwa kama changu nilipotoka kwetu: kinafika, lakini kinafika kimechoka. Nilipoingia mjini naumwa homa, simjui mtu, ndiye aliyeniletea maziwa kila siku mpaka nikasimama. Hao watatu ndio waliokuwa ndugu zangu, na sina neno lingine la kuwaita.

Sasa, nilikuwa na tatizo moja, na tatizo lenyewe lilikuwa Krismasi.

Nimekulia kwenye kikundi kidogo cha dini kijijini kwetu. Wenyewe tulijiita Wasafi. Wakatoliki walikuwa wachafu, Wapentekoste walikuwa wachafu, Waanglikana walikuwa wachafu pia, ila kidogo. Noeli ilikuwa sikukuu ya wapagani. Siku hiyo sisi tulikwenda shamba kupalilia, makusudi kabisa, ili watu wanaotoka misa watuone na majembe. Mwaka niliotimiza kumi na nne nikashindwa. Jirani yetu mama Joséline aliniita uani kwake, akanipa wali na nyama na ndizi, nikala mpaka nikalamba vidole. Siwezi kusema uongo, ulikuwa mtamu.

Siku ya ibada mchungaji wetu, Yotham, akanisimamisha mbele ya watu. Akasema chakula cha mashetani hakiwezi kukaa ndani ya mtoto wa Wasafi. Likaletwa bakuli la maji ya chumvi. Aliyelishika mdomoni kwangu ni baba yangu mzazi. Nikanywa, nikatapika mbele ya wote, na watu wakaimba. Halafu nikatengwa. Kutengwa kwa Wasafi hakukuwa neno la mdomoni tu. Hakuna anayekusalimia, na huli na wenzako. Mama yangu alitenga sahani yangu peke yake, akaifunika, akaiweka nje, upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nakula huku namsikia mama ndani anatafuna na kulia kwa wakati mmoja. Ilikuwa hivyo mpaka mahindi yakakomaa shambani.

Nilipopata akili, na baadaye cherehani, nikaondoka.

Watu wanadhani ukishaondoka basi, yamekwisha. Thubutu! Kichwa kilihama, tumbo likabaki Mishamo. Siku zingine zote nilikula kama fundi mwashi. Ikifika Krismasi, nikisikia tu watu wanaimba na sufuria zinanukia, koo linafunga na ile chumvi inanijia mdomoni kama vile bakuli limeletwa jana. Mwaka wangu wa kwanza hapa Lucia aliniletea pilau mlangoni. Nikapiga tonge moja, nikalirudisha lote pale pale kizingitini, karibu na viatu vyake vipya. Sikumweleza kitu. Yeye akaenda kutangaza stesheni nzima kwamba nina mimba, na Telesphor akawa ananiuliza kila asubuhi baba ni nani. Mwaka wa pili nikadanganya kwamba nasafiri kwenda Mwese. Telesphor akapita kuazima pasi, akanichungulia dirishani, akanikuta nimejifunika shuka gubigubi mchana kweupe. Mungu wangu, aibu niliyoipata!

Kwa hiyo ilipofika Desemba ya tisini na sita, Nyanzala alitua ndoo yake mbele ya cherehani yangu na hakuuza maziwa. Alikaa.

"Kapito, mayu," akasema, kwani Wasukuma humwita hivyo mwanamke wanayemheshimu, "mwaka huu Krismasi iko kwangu. Nyumba ya Lucia inavuja. Malale anatoa beberu. Wewe unakuja."

"Nyanzala, wewe hata Mkristo siyo."

"Na beberu siyo. Tutamla tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafuta mdomo wa ndoo kwa kanga, polepole, akaniambia, "Mwaka wa kwanza ulitapika chakula cha Lucia. Mwaka wa pili ulijificha. Mimi natembeza maziwa, nawajua watu. Wako watu hapa mjini hawanywi maziwa yangu, wanasema ni ya mpagani. Wewe ulikunywa siku ya kwanza, hukuuliza kitu, ndio maana nikakupenda. Sasa usipokuja mara hii, mimi nitajua. Nitajua na wewe unaona sisi wachafu. Maziwa nitakuletea, usiogope. Lakini kwangu sitakuita tena."

Wachafu! Kati ya maneno yote aliyonayo huyu mama, na hana mengi, akalichagua hilo. Nilitaka kumwambia habari ya bakuli, nikashindwa pa kuanzia. Nikamwambia nitakuja. Nikamwambia kwa sauti kubwa, na Telesphor akawa shahidi.

Nikashona gauni. Kitenge cha njano chenye maua mekundu, mikono ya puto kama ilivyokuwa fasheni siku zile. Siku ya Krismasi nikaamka, nikaoga, nikajipaka mafuta, nikavaa gauni, nikavaa na viatu. Halafu nikakaa kitandani. Kwaya ilikuwa inasikika kutoka kanisani, jirani anakaanga vitunguu. Nikajiambia, simama, Capitoline. Miguu ikagoma. Nikajiambia, ukikaa unampoteza Nyanzala. Ni kweli, tena nilikuwa nalijua hilo kuliko ninavyojua kutia uzi kwenye sindano. Lakini nikienda nikatapika nyumbani kwake, mbele ya mume wake, nampoteza vilevile. Nikakaa hapo mpaka kwaya ikanyamaza, watu wakatoka kanisani, na jua likapita utosini. Nilikuwa nalia taratibu, nimeinama mbele ili machozi yasidondokee kitenge.

Ndipo mlango ukagongwa. Ni Telesphor, kavaa suruali yake ya kaki na shati la mikono mirefu, mdomo unang'aa mafuta ya nyama.

"Nimetumwa," akasema.

"Na nani?"

"Nyanzala. Na ameniambia niseme hivihivi alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze, maana ananijua."

"Haya sema."

Akasimama wima kama anasoma taarifa ya habari ya redio. "Anasema hivi. Mwambie Kapito tumeshamtenga. Sahani yake iko peke yake, imefunikwa, iko pembeni. Basi."

"Amesema nini?"

"Tumeshamtenga. Sahani iko pembeni." Kisha akaniangalia. "Mbona unanitolea macho? Mjumbe hauawi, dada." Akarukia baiskeli, akapiga pedeli kwa haraka, maana nyama alikuwa ameiacha inaliwa.

Mimi nikabaki mlangoni. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Huu sikuuona ni ung'ong'o. Nilimwona nyoka yule yule. Sahani peke yake, imefunikwa, pembeni. Nani aliyewafundisha? Wamekwenda Mishamo kuuliza jinsi inavyofanywa? Kwanza nikasikia baridi, hata vidole vikafa ganzi. Halafu, jamani, mori ukapanda. Ukapanda kutoka kwenye viatu. Nilipotengwa mara ya kwanza nilikuwa mtoto, nilinyamaza, nikala chakula changu nje nikashukuru. Lakini sasa ni mtu mzima, nina cherehani yangu, nalipa kodi ya nyumba. Nikasema, leo hapana. Leo kama ni kutengwa nitatengwa huku nasikika.

Nikatoka. Mlango sikufunga.

Nyanzala anakaa Kawajense, nje kidogo ya mji, na mvua ya asubuhi ilikuwa imefanya njia kuwa uji. Kiatu kimoja kikanasa kwenye tope, nikakivuta, kikatoka bila kisigino. Nikavivua vyote nikavishika mkononi. Watu wametoka kanisani wamependeza, wananiita, "Heri ya Krismasi, dada!" Nami, "Heri kwako, nipishe!" Mzee mmoja aliyenikabidhi suruali yake akaniuliza iko tayari lini. Nikamwambia aulize mashetani. Maskini, hakuwa na kosa lolote.

Nikaingia ndani ya boma la Nyanzala bila hodi. Walikuwa wamekaa chini ya kibanda cha nyasi kando ya zizi: Malale kwenye kigoda chake, Telesphor na mfupa mkononi, Lucia anapakua wali, Nyanzala anakoroga mtindi kwenye kibuyu. Wote wakainua nyuso wakatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililonimaliza.

"Nyanzala!" nikapaza sauti. "Umenitenga?"

"Ndiyo, mayu!" akasema kwa furaha. "Nimekutenga."

"Unasema mbele ya watu?"

"Kwa nini nifiche? Nimekutenga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Lucia alitaka kukutenga kidogo. Mimi nikasema hapana, Kapito mtenge sana."

"Mtenge sana!"

"Sana! Hata Malale alikutenga. Malale, si ulimtenga?"

Malale, mtu mpole asiyependa makelele, akaitikia kwa kichwa. "Nilimtenga upande wa mgongo," akasema.

Hapo nikapoteza breki. Niliwaambia yote. Niliwaambia kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini wao wamenichagulia, wamelitafuta lile lile. Nikamwambia Nyanzala kwamba sikuwahi kumwona mchafu hata siku moja, kwamba maziwa yake ndiyo yaliyoniponya, na kama anataka kunitenga anitenge uso kwa uso, asimtume fundi baiskeli mwenye mafuta mdomoni. Nikasema sahani sili nje ya ukuta, nimeshakula nje ya ukuta kwa msimu mzima wa mahindi na sitaki tena maishani mwangu. Mkono mmoja nimeshika viatu, mwingine nanyoosha kidole. Mbwa wao akajificha nyuma ya ghala.

Nyanzala alikuwa ameacha mdomo wazi. "Mimi nimefanya nini?" akanong'ona. "Lucia, mimi nimesema nini kibaya?"

Na Lucia, aliyekuwa amesimama na mwiko wa wali hewani, akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo na nguo yake ya misa.

"Ku-te-nge-a!" akasema alipopata pumzi. "Mama yangu mzazi! Nyanzala, ni kutengea! Tumeshamtengea Kapito chakula! Tu-me-mte-nge-a!"

"Ndiyo nilivyosema," akasema Nyanzala. "Tumemtenga."

"Siyo kutenga, ni kutengea!"

"Hiyo 'e' moja ndiyo inaleta mtu kunitukana nyumbani kwangu?"

Malale akanyanyuka, akaenda pembeni kabisa ya kibanda, akarudi na sahani ya bati kubwa, imefunikwa na sahani nyingine juu. Akaifunua mbele yangu. Wali mweupe wa mchele wa Majimoto, na juu yake nyama, na nyama, na nyama. Upande wa mgongo. "Telesphor alikuwa anaimaliza," akaeleza. "Ndiyo maana mke wangu akaificha mbali naye."

Nilimtazama Telesphor. Telesphor akatazama mfupa wake.

Sijui nilianza kucheka au kulia, kwani vilitoka pamoja na pua ikashiriki. Nyanzala akaja akanishika, akanikalisha kwenye mkeka, akaniosha miguu ile yenye tope kwa maji ya kopo kama mtoto. Na hapo ndipo nikawaambia. Wasafi, mama Joséline, bakuli, baba yangu, sahani nyuma ya ukuta. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilipomaliza Lucia alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kilemba, na Telesphor alikuwa ameuweka chini mfupa wake.

"Walikunywesha chumvi," Nyanzala akasema. "Mtoto wa watu." Akafikiri. "Sisi chumvi tunampa ng'ombe, tena kwa sababu tunampenda."

"Sasa nyie mnaelewa," nikasema. "Nikila nitatapika. Nyanzala, nakuomba usikasirike. Nimekuja, umeona nimekuja. Lakini nikila nitatapika."

"Tapika. Mbwa yupo."

"Nyanzala!"

"Mayu, hapa ng'ombe wanazalia, watoto wanakojoa, Malale akinywa pombe anatapika pale pale kwenye nguzo. Tapika ukitaka. Utakuwa bado mgeni wangu." Akaniwekea sahani mapajani, akaondoka kwenda kwenye mtindi wake, hakunitazama tena. Niliona anafanya makusudi. Wote walifanya makusudi. Waliangalia huku na huku, wanaongea habari za mvua, na mimi nimekaa na mlima wa nyama mapajani, koo limefunga na chumvi inaninukia puani.

"Hivi," Nyanzala akawauliza wengine baada ya muda, "hii sikukuu yenyewe, hadithi yake ikoje? Mtoto alizaliwa, hapo najua. Yaliyobaki sijasikia yote. Nikipita na maziwa nasikia nyimbo tu."

Telesphor akajisafisha koo. "Hiyo niachie mimi. Kulikuwa na Farao..."

"Herode," nikasema.

"Herode, sawa. Akasema watu wote wahesabiwe..."

"Aliyesema ni Kaisari Augusto."

"Kapito, nani anasimulia? Basi Mariamu akapanda punda kutoka Yerusalemu kwenda Nazareti..."

Sikuweza. Jamani, kila mtu na ugonjwa wake. Kitabu kile tulikaririshwa kwa fimbo, na mtu akikikosea mbele yangu nasikia kama mshono unafumuka. "Kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu!" nikasema. "Na punda hajaandikwa."

"Punda yupo," akasema Lucia. "Kanisani kwetu tunamweka kila mwaka."

"Mnamweka nyie. Luka hajamweka. Nyamazeni, nitasimulia mwenyewe." Na nikasimulia. Nikaanza na amri ya Kaisari, watu wote waende kuandikwa, kila mtu mjini kwao. Nyanzala akaacha kibuyu, akasogea.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Ya kuzaa."

"Na wakamtembeza! Huyo Kaisari hakuwa na mama? Haya, endelea."

"Wakafika, wakakosa nafasi katika nyumba ya wageni."

"Mwenye nyumba anaitwa nani?"

"Haikuandikwa."

"Wamemficha," akasema Nyanzala kwa uchungu wa kweli. "Mwanamke ana uchungu wa kuzaa, mtu anasema hakuna nafasi! Hata jikoni? Hata stoo? Mimi ningelala nje, yeye alale ndani. Kisha?"

"Akamzaa mwanawe, akamvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe."

Malale akainua kichwa. "Zizini?"

"Zizini."

"Alichagua vizuri, huyo mume," akasema. "Ng'ombe wakilala wanatoa joto. Kuna joto kuliko nyumba. Mtoto hakusikia baridi."

Miaka yote ile kwa Wasafi, na kukariri kule kote, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kujiuliza kama mtoto alisikia baridi. Walijua sura na mstari tu. Nikaendelea.

"Na mzalishaji?" Nyanzala akauliza.

"Haikuandikwa."

"Basi aliyeandika ni mwanamume."

"Sasa wanaume wameingiaje hapa?" Telesphor akalalamika, lakini Lucia alimpiga kofi gotini ili anyamaze.

"Na katika nchi ile ile," nikasema, "walikuwapo wachungaji." Hapo nikasita. Neno lile. Tangu utoto nikilisikia nilimwona mchungaji Yotham, koti jeusi, kidole juu, amekuja kukagua hori kama ni safi. Hata Noeli yenyewe niliiona hivyo, kwamba wa kwanza kufika kwa mtoto ni akina Yotham.

"Wachungaji wa nini?" akauliza Malale. "Ng'ombe au mbuzi?"

"Kondoo," nikasema.

"Walikuwa porini usiku? Na fisi je?"

"Walikuwa wanalinda. Kwa zamu."

"Hapo sawa," akasema Malale, ameridhika. "Kwa zamu ni sawa." Akakaa vizuri, mikono juu ya fimbo yake, mabuti ya mpira yenye samadi, anasubiri kusikia kilichowapata wenzake. Nami nikamtazama nikaelewa kitu, nikaona aibu kwamba kimechukua miaka yote hii. Walikuwa wachunga mifugo. Malaika alipita nyumba zote za watu wasafi, akaenda kuwaamsha akina Malale. Nikasikia moyo unafunguka, unauma na kufunguka hapo hapo. Yule Mungu wa bakuli sikuwa na hamu naye, na mpaka leo sina. Lakini huyu wa zizini nilimwonea huruma, na nilimpenda, nikawaambia wenzangu wazi kwamba nampenda.

"Wakaogopa?" Nyanzala akauliza.

"Sana. Malaika akawaambia msiogope."

"Malaika wote wanasema hivyo," akasema Lucia. "Kwani wanaingia bila hodi, kama Kapito leo."

Wakaangua kicheko, nami nikawa nimebanwa na kicheko, nabishana na Lucia, namwonyesha kwa kidole kwamba sikuingia bila hodi, niliita jina la mwenye nyumba. Kidole chenyewe kilikuwa kinang'aa mafuta. Nikakitazama. Nikatazama chini.

Sahani ilikuwa na mifupa. Mifupa, na punje za wali pembeni, na alama za vidole vyangu zimekwangua bati. Sijui nilianza wapi. Pengine kwa Kaisari, pengine nilipomgombeza Telesphor habari ya punda. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe wakati mdomo unagombana. Nikaganda. Wote wakaona, hata Telesphor akaacha kutafuna. Lucia akatazama viatu vyake, akavisogeza nyuma.

Nikasubiri. Niliisubiri ile chumvi. Nikaweka mkono tumboni, nikafumba macho, nikaisubiri kama mtu anayesubiri radi akishaona mwanga wake. Ng'ombe mmoja alikuwa anacheua upande wa pili wa miti ya zizi, taratibu, hana haraka na mtu. Nikasikia ladha ya nyama na tangawizi. Chumvi ilikuwapo, ya kawaida, ile anayotia Lucia. Tumbo likanguruma, nikashtuka, nao wakashtuka, lakini mlio ule nilikuwa naujua. Ilikuwa njaa. Nilikuwa sijala tangu jana yake.

Nikafumbua macho. Nyanzala alikuwa amepiga magoti mbele yangu, kopo la maji mkononi, machozi yanamshuka na hayafuti.

"Mayu?" akaniuliza polepole. "Vipi?"

Nikamsukumia sahani.

"Nitenge tena," nikasema. "Na mara hii, Nyanzala, usinibanie nyama."